Mkono usiachie dirisha: kujiandaa na kozi ya marudio ya helikopta ukiwa Lamu

Cheti cha mafunzo ya dharura cha watu wa rigi, yale majukwaa ya mafuta baharini, hudumu miaka 4. Changu kinaisha Novemba, na hii itakuwa mara yangu ya nne kwenda kugeuzwa kichwa chini ndani ya debe la chuma, mfano wa helikopta unaozamishwa bwawani ili tujifunze kutoka. Vijana wawili wa hapa Langoni wamenifuata barazani kuniuliza wajiandae vipi. Kahawa iliisha, maelezo hayajaisha, nikaona heri niandike.

Anza na tarehe. Kozi ya kwanza ya usalama na dharura za baharini, BOSIET, ni ya siku 3. Ya marudio, FOET, ni siku 1 tu, lakini sharti uifanye cheti cha zamani kikiwa bado hai. Kikikupita, unarudishwa kwenye zile siku 3 na gharama zake zote. Angalia pia kama mbele ya jina kuna herufi T. Hiyo ni kozi ya bahari za joto, na mwenye nayo hapelekwi Bahari ya Kaskazini ya Ulaya, ambako abiria huvaa suti za kuzuia baridi. Muulize mwajiri anataka ipi kabla hujalipa. Kama unaweza kuchagua mwezi, usichague Ramadhani, kwani maji ya lile bwawa utayameza utake usitake.

Sasa jambo lenyewe. Wengi wetu tumekulia majini, tumejirusha gatini tangu hatujaota meno ya pili, basi tunadhani helikopta ni mchezo. Mimi nilikuwa nimeshika nafasi ya pili kwenye mashindano ya kuogelea ya Maulidi. Mara ya kwanza debe lilipopinduka nilifanya kile ambacho kila muogeleaji angefanya: nilifungua mkanda nikapiga mbizi. Kupiga mbizi kwenda wapi? Juu ilikuwa chini. Nilielea ndani ya giza, nikagonga sakafu iliyogeuka dari, nikampiga teke la mdomo Mfilipino wa watu, na mpiga mbizi wa kituo akanitoa kwa kola kama paka. Jamaa mmoja wa Kitui, asiyejua kuogelea hata hatua mbili, alitoka kabla yangu akiwa ametulia tuli. Yeye hakuwa na ujuzi wa kumdanganya. Alishika alipoambiwa ashike.

Helikopta hupinduka majini kwa sababu injini na mapanga yake yako juu. Uzito wote uko kichwani, kama chombo kilichopakia shehena juu ya sitaha na ngama tupu. Kwa hiyo usijiulize kama itapinduka. Fuata mpangilio huu, na usiuvuruge:

Ukishakaa tu, gusa dirisha lako au mlango ulio karibu nawe. Mkono wa upande huo ndio mkono wako wa kutokea. Ikitangazwa kwamba mnaanguka, kaza mkanda, nyayo zilale sakafuni, jiweke mkao wa kujikinga. Maji yakikaribia uso, vuta pumzi moja ya kawaida. Debe likigeuka, tulia, ngoja mpaka mwendo ukome kabisa. Hapo sekunde tano ni ndefu kuliko usiku wa kuamkia Idi, lakini ukitoka mapema unayakuta mapanga bado yanazunguka. Mwendo ukikoma, sukuma dirisha, shika ukingo wake, na mkono ukiwa umeshika ndipo mkono wa pili ufungue mkanda. Jivute utoke. Usipige mateke, nyuma yako kuna mdomo wa mtu.

Kwa nini mkanda uwe wa mwisho? Kwanza, ukiwa umefungwa una nguvu ya kusukuma. Ukielea, unalisukuma dirisha nalo linakusukuma wewe. Pili, ukibaki kitini, hata kichwa chini, kulia kwako kunabaki kulia. Ukishaachia kiti, dira imekupotea.

Boya ulilovaa usilijaze hewa ukiwa ndani, hata kidogo. Wazee wenye jamaa zao Ngazija wanaikumbuka ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka karibu na ufuo wa huko Novemba 1996. Watu 175 walikuwamo, 125 wakafa, na baadhi yao walikuwa wamejaza maboya yao kabla ya kutoka. Boya likakupandisha juu, na mlango uko chini. Utavuta kamba ukishakuwa nje.

Nyumbani mimi nafanya hivi wiki mbili kabla. Nakaa kwenye kiti cha plastiki kilichogusana na dirisha la ukumbini, mke wangu ananifunga leso kiunoni, kilemba kinafunika macho. Anahesabu hadi saba. Mimi nagusa, nangoja, nasukuma, nashika, nafungua. Mara ishirini kila jioni. Mwanangu wa mwisho hucheka mpaka anajikojolea. Acheke. Mkono ukishazoea, siku ya siku hautangoja kichwa kiuamuru.

Majini, nendeni Shela maji yakiwa yametulia, wawili, mmoja akiwa amesimama anatazama. Zoea kupinduka maji yakiingia puani huku ukitoa pumzi kidogokidogo. Usishindane kukaa chini muda mrefu, na usihemeheme kwa kasi kabla ya kuzama ili upate pumzi ndefu: mtu huzimika kimyakimya, hata wa kupiga kelele hayupo.

Sehemu ya kozi ya moto na moshi ni fupi, ila usiilalie. Katika maafa ya Piper Alpha, rigi ya Bahari ya Kaskazini, ya Julai 1988 walikufa watu 167, na wengi wao waliuliwa na moshi. Kwenye chumba cha giza inama, papasa ukuta kwa mgongo wa kiganja, buruta miguu badala ya kuinua, na hesabu milango. Mashua ya kujiokolea yenyewe ni joto na harufu ya dizeli. Funga mkanda, basi.

Siku yenyewe kunywa chai na mkate wa mofa, biriani ingoje jioni. Kama una mafua mwambie mwalimu, masikio hayataki kiburi. Usisahau pasipoti, cheti cha zamani na karatasi ya daktari. Na kama una hofu, iseme asubuhi, mpiga mbizi atakaa upande wako. Mimi huisema kila mara, na kila mara najibiwa kwamba nimetoka Lamu, nitaogopaje maji.

Siku hizi hata ndege ndogo ya Manda kwenda Nairobi naikagua. Nahesabu viti mpaka mlangoni, kisha naweka kiganja kwenye fremu ya dirisha. Safari iliyopita mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia, “Sijapoteza, mama, nimeshika.” Akafikiri kidogo, naye akanyoosha mkono akashika kiti cha mbele.