Kipimo cha haraka cha homa ya mafua: kazi yote iko puani

Nimetoka kumwelekeza mhudumu mpya wa maabara, nikaona bora niandike. Ninazungumzia kipimo cha antijeni (protini za kirusi) cha influenza A na B, aina mbili za virusi vya homa ya mafua, kile cha kaseti, yaani kibao kidogo cha plastiki kinachoonyesha jibu kwa mistari.

1. Uliza ameanza kuumwa lini. Virusi huwa vingi puani siku 3 au 4 za mwanzo. Aliyefika siku ya sita anaweza kupata jibu hasi na mafua anayo. Kwetu pia homa haina mwenyewe: malaria ipimwe kama kawaida, kipimo hiki hakishiki nafasi yake.

2. Andaa vifaa. Kama kaseti ilikuwa kwenye friji, iache ipate joto la chumba kabla hujachana pakiti. Glovu, barakoa, tarehe ya kuisha muda, haya unayajua.

3. Chukua sampuli. Hapa ndipo majibu mengi yanapoharibikia. Tumia kijiti kilichokuja na kipimo. Pamba ya kijiti cha mbao sitaki hata kuiona mezani, inaweza kuvuruga jibu.

Mgonjwa apenge kamasi kwanza, kwa sababu unachotafuta ni seli za ukuta wa ndani wa pua, si ute unaomwagika. Ainamishe kichwa nyuma kidogo. Sasa sikiliza: kijiti hakielekei juu kwenye macho. Kinakwenda nyuma, kikilala sambamba na sakafu ya pua, kama kinafuata usawa wa sikio. Ukikielekeza juu utagonga mfupa, mgonjwa ataruka, nawe utadhani umefika.

Kwa mtu mzima, kina ni karibu nusu ya umbali kutoka tundu la pua hadi tundu la sikio. Ukihisi ukinzani laini, simama, kiache sekunde chache, kizungushe taratibu, kisha kitoe polepole. Kikigoma njiani usisukume. Pengine ukuta wa pua umepinda, hamia tundu la pili. Anayetokwa damu puani mara kwa mara, au aliyefanyiwa upasuaji wa pua karibuni, usimguse kabla ya kumuuliza daktari. Mtoto apakatwe na mama, mgongo wake kifuani kwa mama, mkono mmoja wa mama ukishika paji la uso. Machozi yatatoka hata kwa mtu mzima, mwambie mapema.

Baadhi ya vipimo vimetengenezwa kwa sampuli ya mbele ya pua tu. Soma karatasi yake ya maelekezo, usikisie.

4. Changanya, dondosha. Zungusha kijiti ndani ya dawa, yaani yale majimaji ya kipimo yaliyo kwenye kichupa, kibane kwenye kuta za kichupa unapokitoa. Matone ni kama karatasi inavyosema. Dawa ya kipimo kimoja haitumiki kwenye kingine, hata kama zinafanana rangi.

5. Soma kwa saa. Weka kengele ya simu. Kwa vingi ni dakika 10 hadi 15. Mstari unaojitokeza baada ya muda huo usiuhesabu. Pasipo mstari wa C, ule unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, jibu ni batili, rudia kwa kaseti mpya.

Mstari hafifu wa A au B, ukitokea ndani ya muda, ni chanya. Hasi ndiyo yenye utata: vingi vya aina hii hukamata wagonjwa kama 50 hadi 70 kati ya 100 wenye virusi. Kwa hiyo mjamzito, mzee au mtoto mdogo mwenye dalili zote usimrudishe nyumbani kwa sababu ya kaseti. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, maana oseltamivir, dawa ya virusi vya mafua, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.