Ukitaka Protocol Buffers ibadilishwe, njoo na baiti mkononi

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Kilimani huniuliza namna ya kupendekeza mabadiliko kwenye maktaba ya chanzo huria kama Protocol Buffers, ile ya kufungasha data ambayo Google waliifungua kwa umma mwaka 2008. Mimi huwaambia wasianze na suluhisho. Anza na ujumbe mmoja unaokusumbua, uuanike baiti kwa baiti.

Chukua salio la wakala wa Githurai. Fildi (sehemu moja ya ujumbe) namba 1, aina ya int32 (namba nzima), thamani 300: inasafiri kama 08 AC 02, baiti tatu tu. Sasa salio likiwa 0, fildi ya kawaida ya proto3, toleo la tatu la lugha ya kuandikia ujumbe wa Protocol Buffers, haiandikwi kabisa. Seva itajuaje kama wakala ameishiwa, au simu yake haikutuma salio? Ukionyesha hivyo, hakuna atakayesema unaleta mapendeleo yako. Tatizo hilo lilijadiliwa kweli, na neno optional, linaloiwezesha seva kujua kama fildi ilitumwa au la, lililokuwa limetolewa kwenye proto3 likarudishwa. Tangu toleo la 3.15 la maktaba, la mwaka 2021, linatumika bila kuwasha swichi ya majaribio.

Kisha wasemee wasiokuwepo, na hapa nakuomba sana usiharakishe. Kuna mama mwenye kibanda ambaye simu yake ina programu ya zamani, na hatamaliza bando kuisasisha kwa sababu wewe umepata wazo zuri. Jaribu simu ya zamani ikiusoma ujumbe mpya, halafu mpya ikiusoma wa zamani. Bandika matokeo ya pande zote mbili. Neno required la proto2, lugha iliyotangulia proto3, ambalo maana yake ni kwamba fildi lazima iwepo, liliwatesa watu hapo hapo: ukiliondoa kwenye fildi na kuacha kuituma, msomaji wa zamani anaukataa ujumbe mzima. Anayetaka neno hilo liwepo kwenye proto3 ajibu swali hilo kwanza.

Kuongeza fildi mpya kuna heri kuliko kubadili maana ya iliyopo. Namba ya fildi iliyofutwa ifunge kwa neno reserved, linalozuia namba isitumike tena, isije ikapewa kitu kingine. Namba 1 hadi 15 zinachukua baiti moja pamoja na aina ya fildi, kwa hiyo usizigawe ovyo.

Mtu akikupinga, eleza hoja yake kwa maneno yako mpaka akubali kwamba ndivyo alivyomaanisha, ndipo umjibu. Usimdai jibu siku hiyo hiyo pia; saa tatu usiku Nairobi, aliye California bado yuko asubuhi.

Wakikataa, omba sababu iandikwe mahali atakapoiona mwingine mwenye shida kama yako. Wakala wako hawezi kusubiri mjadala mwingine, kwa hiyo kama maktaba yako ni ya kabla ya 3.15 na huna optional, ongeza kwenye ujumbe fildi ya bool (kweli au si kweli), salio_limetumwa, na uitume ikiwa kweli kila salio linapotumwa.