Ukikutana na neno "Dauphin" usikimbilie pomboo, anza hivi

Mimi nilishaaibika. Nilipewa makala nitafsiri fasta fasta nikaandika "pomboo wa Ufaransa alifariki 1789 akiwa na miaka 7", nikachekwa kutwa nzima. Kumbe ni Louis Joseph, mtoto wa mfalme Louis XVI, na Dauphin ni cheo chake cha mrithi wa kiti. Ila jamani, dauphin kwa Kifaransa ni pomboo kweli, sikuota.

Kwahiyo cha kwanza angalia mwaka. Kama ni kabla ya 1349 huyo si mtoto wa mfalme, ni bwana wa eneo la Viennois kule Ufaransa upande wa milima ya Alps. Kulikuwa na jamaa anaitwa Guigues IV, alikufa 1142, Dauphin lilikuwa jina lake tu la ziada, ukoo ukalishikilia mpaka likageuka cheo na pomboo akachorwa kwenye ngao yao. Sasa wa mwisho, Humbert II, madeni yamemkaba, mtoto wake wa pekee ameshafariki, akaona isiwe tabu akauza eneo zima 1349 kwa mjukuu wa mfalme Philippe VI, yule aliyekuja kuwa Charles V, yeye akaenda zake kuwa mtawa wa Kidominiko. Tangu hapo ikawa desturi mrithi wa kiti cha Ufaransa aitwe Dauphin, hadi 1830.

Ndo maana jina peke yake halikusaidii, lazima ujue mfalme wa mwaka huo ni nani halafu utafute mtoto. Na hata hapo kuna mtego: Jeanne d'Arc, yule binti aliyewapigania Wafaransa, 1429 alikuwa bado anamwita Charles VII Dauphin wakati baba yake alishafariki 1422, kisa hajavishwa taji Reims, mji walikotawazwa wafalme.

Pia soma neno linalofuata. Ukiona "Dauphin d'Auvergne" simama hapohapo, huo ni ukoo mwingine wa katikati ya Ufaransa, jina walilipata kwa kuoa kwa kina Guigues.

Halafu herufi za mwisho, hapa ndo wengi wanaanguka. Dauphine yenye e ni mke wa Dauphin, mfano Marie-Antoinette kati ya 1770 na 1774, au ni gari la Renault la 1956, angalia kama sentensi ina matairi. Dauphiné yenye kile kimkwaju juu ya e ni eneo lenyewe alilouza Humbert. Lakini Place Dauphine pale Paris haihusiani na mke wa mtu, ni ya Louis XIII alipokuwa mrithi, e imekuja kwasababu neno place kwa Kifaransa ni la kike.

Kwenye ramani ni rahisi kidogo. Fort-Dauphin ni Madagaska kusini, ngome ya Wafaransa ya 1643, leo mji unaitwa Tôlanaro. Kaunti ya Dauphin iko Pennsylvania, ilianzishwa 1785, na hiyo ndo imepewa jina la yule mtoto wangu wa miaka 7, Louis Joseph, Wamarekani walikuwa wanashukuru Ufaransa kwa kuwasaidia kwenye vita vya uhuru.

Ukiikuta kwenye menyu: gratin dauphinois ni viazi vya slesi vimeokwa na maziwa au krimu, pommes dauphine ni viazi vilivyopondwa vikachanganywa na donge la unga na mayai vikakaangwa kama kalimati. Pomboo hayumo kwenye sahani yoyote.