Namna ya kuingia redioni na gazetini bila kununua tangazo

Mimi nasaga karanga hapa Manyatta, Kisumu. Sijawahi kulipia tangazo, lakini siagi yangu imezungumziwa redioni, imeandikwa gazetini, na kuna siku kamera ya runinga iliingia hadi kwenye chumba cha kuchambulia. Wenzangu wa biashara huniuliza nani alinishika mkono. Hakuna. Nilichofanya ni kumsoma ripota kama ninavyomsoma mteja: anataka nini, anakitaka saa ngapi, na nani atamkatalia akirudi mikono mitupu.

Waandishi wengi unaowaona kwenye kaunti zetu, wale wanaokuja na boda wakiwa na kamera begani, hawana mshahara wa mwezi. Wanalipwa kwa kila habari inayochapishwa au kupeperushwa. Mhariri wa Nairobi akiitupa, nauli na siku nzima vimekwenda na maji. Kwa hiyo ujumbe wako ukimfikia, anajiuliza swali moja tu: hii mhariri ataikubali? "Mama wa Kisumu aanzisha biashara ya siagi ya karanga" haikubaliki, maana akina mama wa siagi ya karanga wamejaa kila mtaa. Mhariri anatafuta kitu kitakachomgusa hata mtu ambaye hatanunua chupa yako maishani.

Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, kaa chini utafute habari iliyo ndani ya biashara yako. Yangu ilikuwa sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka na karanga. Mwanzoni mwa 2020, KEBS, shirika la serikali la viwango vya ubora, ilisimamisha chapa saba za siagi ya karanga nchini baada ya kukutwa na sumukuvu kupita kiasi. Wakenya wanaijua sumu hiyo vizuri. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, wengi wao Ukambani. Basi mtu akisikia karanga na sumukuvu katika sentensi moja, anaongeza sauti ya redio.

Na mimi nilikuwa na jambo la kusema kuhusu hilo, kwa sababu naliona kila siku mezani. Wakulima wengi hunyunyizia karanga maji ili ganda lilainike na kumenya kuwe rahisi. Mfanyabiashara wa kati naye halalamiki, maji yanaongeza uzito. Halafu gunia linafungwa likiwa na unyevu, linakaa stoo, linafika soko la Kibuye hapa Kisumu, na ukilifungua harufu inakupokea kabla ya karanga. Mwaga sinia moja mezani: zile nzuri ni ngumu na ngozi imeshika, zilizoloweshwa zimesinyaa, rangi imekufa, na ukizipasua mapande mawili unakuta utando wa kijivu au kijani pale katikati. Kukaanga hakuondoi sumu yote. Kuchambua kunapunguza sana, ingawa karanga inayoonekana safi nayo yaweza kuwa na sumu, ndiyo maana sampuli lazima ziende maabara. Mimi huwaongezea bei wakulima wangu wa Ndhiwa, kule Homa Bay, wanaomenya kavu kwa mashine ya mkono. Hiyo ndiyo habari. Siagi yangu imo ndani yake kama kiungo.

Wewe yako itakuwa nyingine. Fundi wa magari wa Nakuru anajua ni vipuri gani bandia vinavyojaa mjini kabla watu hawajaanza kusafiri Desemba. Mwenye hoteli ya samaki Dunga anajua kwa nini sangara amepanda bei wiki hii. Mshonaji wa sare Kakamega anajua ni shule ngapi zimebadilisha sare muhula huu na mzazi anatoboka kiasi gani. Tafuta unachokijua kabla mwanahabari hajakijua.

Jambo moja kabla hujamwita mtu: weka karatasi zako sawa. Alama ya ubora ya KEBS, leseni ya kaunti, vyeti vya afya vya wanaoshika chakula. Ripota mzuri atauliza, na maafisa wa afya ya umma nao husikiliza redio wakinywa chai. KEBS wana ofisi hapa Kisumu, huna sababu ya kusingizia safari ya Nairobi.

Sasa, uanzie wapi? Watu hukimbilia runinga. Mimi nasema anza na redio, tena redio ya lugha ya nyumbani. Kanda hii tumebarikiwa: Ramogi na Mayienga kwa Dholuo, Mulembe kwa Kiluhya, West FM kule Bungoma, Radio Lake Victoria hapa hapa Kisumu, bila kutaja stesheni za Kiswahili zinazosikika nchi nzima. Redio haihitaji picha, ina saa nyingi za kujaza, na msikilizaji wake ni yule yule anayepita Kibuye Jumapili.

Tatizo ni kwamba mimi ni Mmaragoli, na Dholuo yangu ni ya kununulia samaki. Kituo kimoja kilipokubali mada, nilimpeleka mama mmoja wa Ndhiwa anayeniuzia karanga. Mtangazaji alimuuliza kwa nini aliacha kulowesha. Mama akaeleza jinsi gunia lake lilivyokataliwa sokoni mbele ya watu, akaliburuta hadi kwenye pikipiki, na jinsi alivyolala bila kuwaambia wa nyumbani. Simu zikaanza kumiminika studioni, wakulima wenzake wakibishana naye kama kumenya kavu kunalipa. Mwishoni kabisa mtangazaji akauliza, "Na sasa unamuuzia nani?" Akanitaja. Kwenye kipindi kizima jina langu lilipita mara hiyo tu, na nilipokea simu za wateja hadi usiku. Ningekwenda mimi kujisifu, mtangazaji angenikata baada ya dakika tano aweke muziki. Kwa hiyo ukiombwa mtu wa kuhojiwa, jiulize kwanza kama kuna mwingine anayesikika vizuri kuliko wewe: mkulima, mteja wa muda mrefu, afisa wa kilimo wa wadi.

Ukienda mwenyewe, beba mambo matatu kichwani, usibebe hotuba. Karatasi inasikika ikikwaruza, na sauti ya mtu anayesoma inamlaza msikilizaji. Taja bei, taja kilo, taja mahali. Usishangae ukikatazwa kutaja nambari ya simu hewani. Wao wanaiona kama tangazo la bure, na wana idara nzima inayouza matangazo. Iache nambari mapokezi, waulize kama wanaweza kuiweka kwenye ukurasa wao wa Facebook, na hakikisha mtu akiandika jina la biashara yako kwenye Google Maps anaiona. Wengi watakutafuta hivyo.

Kwa magazeti, usitume kwa "Mhariri Mkuu". Nunua gazeti, au lisome kwa kinyozi, na uangalie jina lililo juu ya habari. Taifa Leo wana Akilimali, kurasa za kilimo na biashara ndogo ndogo. Nation wana Seeds of Gold, Standard wana Smart Harvest. Angalia nani ameandika kutoka Kisumu, Homa Bay au Vihiga, kisha mtafute huyo. Soma alichoandika karibuni, umtajie. Pia kuna Shirika la Habari la Kenya, la serikali, ambalo watu hulisahau kabisa. Lina maafisa hadi mashinani, wanapenda habari za wakulima na vikundi, na wanafikika kuliko unavyodhani.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi wa kusomeka kwenye simu bila kuteleza kidole mara mbili. Wangu ulikuwa hivi:

"Habari za asubuhi. Nimesoma makala yako kuhusu bei ya mtama Siaya. Mimi nasaga karanga Manyatta, Kisumu. Karanga nyingi zinazofika Kibuye msimu huu zimeloweshwa wakati wa kumenya, na hapo ndipo kuvu huanzia. Kikundi cha wakulima Ndhiwa kimeanza kumenya kavu na kinalipwa zaidi kwa kilo. Jumanne kuanzia saa tatu asubuhi watakuwa kazini; unaweza kupiga picha na kuzungumza nao. Afisa wa kilimo amekubali kuhojiwa. Nikutumie nambari zao?"

Ona kwamba jina la bidhaa halimo. Atalipata akija. "Bora zaidi Afrika Mashariki" haimo pia, na usiiweke. Kuna siku, mahali, watu na sababu ya kuja sasa. Swali la mwisho linajibika kwa neno moja, na jibu hilo huja hata kama ripota yuko kwenye matatu.

Utume saa ngapi? Mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, wahariri wanapopanga siku. Gazeti la kesho hufungwa jioni ya leo, kwa hiyo kumpigia ripota saa kumi na moja jioni ni kumgombanisha na mhariri wake. Kurasa za wikendi hupangwa siku kadhaa mbele. Runinga inataka picha zifike zihaririwe kabla ya taarifa ya Kiswahili ya saa moja usiku, na Nairobi ni mbali, basi shughuli yako iwe asubuhi. Kuhusu runinga sina mengi zaidi: safisha mahali, ondoa redio inayopiga kelele, na hakikisha kuna kitu kinachofanyika, maana mtu aliyesimama kando ya rafu ya chupa si picha.

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku mbili, kisha umwache. Usimtumie kila asubuhi picha za maua na "siku njema". Wanachukia.

Picha zako mwenyewe zipige mchana, simu ikiwa imelazwa, watu wakifanya kazi. Ukizituma kwa WhatsApp zitume kama dokumenti, la sivyo zinabanwa, na gazeti haliwezi kuzitumia. Andika nani ni nani kutoka kushoto, na uwe umewaomba ruhusa.

Sasa tuseme lile jambo. Ripota anamaliza kazi, anafunga kamera, halafu anasimama tu pale. "Mama, sasa nauli?" Mimi huwa natoa chai na mkate wenye siagi, kwa kila mtu aliyepo, na basi. Kanuni za maadili za Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya zinamkataza mwanahabari kupokea kitu cha kumpotosha, na habari niliyoinunua haina uzito ninaoutafuta. Kama mahali ni mbali, kama Ndhiwa, nakodi gari moja, naalika wanahabari kadhaa, na nasema wazi tangu mwanzo kwamba usafiri upo. Mtu akikuambia habari haitoki bila malipo, muulize hilo ni tangazo? Kama ni tangazo akupe bei rasmi na risiti ya kampuni. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo. Una haki pia ya kuomba kuona kitambulisho chake cha Baraza. Matapeli wenye vipaza sauti wapo.

Akichapisha kosa, usianze vita mtandaoni. Gazeti moja liliandika bei ya chupa yangu kubwa kwenye picha ya ile ndogo, na wateja wakaniita mwizi. Nilimpigia ripota mwenyewe kwanza, nikamtumia picha ya lebo, na kabla ya jioni ilikuwa imerekebishwa kwenye tovuti. Asingesikia ningekwenda kwa mhariri. Baraza nalo lina tume ya malalamishi, ila hiyo iache kwa jambo zito.

Kitu kinachowaumiza wengi ni kufanikiwa wakiwa hawako tayari. Usiende hewani wiki ambayo stoo haina kitu. Mimi hupanga Agosti, karanga mpya zikiwa zimeingia, au wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, wazazi wanapojaza masanduku na vyombo vya habari vinatafuta habari za gharama ya shule. Siku hiyo kuna mtu wa kushika simu tu. Kila anayepiga anaulizwa, "Umetusikia wapi?" na jibu linaingia daftarini kando ya alichonunua. Daftari hilo limenifundisha kwamba redio huleta wanunuzi wa chupa moja moja siku ile ile, halafu wanapungua. Gazeti huleta watu wachache, polepole, lakini mwenye duka Eldoret alitoka huko, na bado ananunua kwa katoni.

Ukurasa wenyewe haufi. Niliuhifadhi kwenye faili la plastiki, na ndio niliomwekea meneja wa supamaketi mezani alipokuwa akinitazama kama mchuuzi wa barabarani. Kwenye WhatsApp naweka kiungo cha makala, si picha ya ukurasa mzima. Kazi ni ya gazeti, na wanapenda kuona watu wakibonyeza.

Baada ya hapo usimpotelee ripota. Mwambie asante, halafu mara moja moja mpe habari ambayo haikuhusu kabisa: kivuko kilichoharibika, soko lililofungwa ghafla, kikundi cha vijana wanaofanya jambo la maana Nyalenda. Yule aliyeandika kuhusu Ndhiwa sasa hunipigia yeye, akitaka kujua bei ya gunia imefika wapi Kibuye. Namjibu hata kama nina unga wa karanga hadi kwenye viwiko.