Kupima usugu wa bakteria kwa diski: anza na kina cha media

Juzi mdogo wangu mmoja, mwanafunzi wa uzamili wa mikrobayolojia na imunolojia katika chuo cha tiba, alinijia na pleti mkononi. Tasnifu yake inahusu usugu wa E. coli kutoka kwenye mkojo wa wagonjwa. Zoni, yaani lile duara lisilo na bakteria linaloizunguka diski ya dawa (kikaratasi cha duara chenye antibiotiki), ilikuwa na umbo la yai. Nililitambua papo hapo, maana umbo hilo lilinipotezea wiki tatu nilipokuwa nasoma. Tulianza upya hivi.

Hatua ya 1: Shika mwongozo mmoja

Tumia EUCAST, mwongozo wa Ulaya wa kupima usugu; majedwali yake yanapatikana bure. CLSI, wa Marekani, nao ni mzuri, ila usichanganye: mipaka ya mmoja (vipimo vya zoni vinavyotenga bakteria sugu na asiye sugu) haisomwi kwa utaratibu wa mwingine. Andika namba ya toleo kwenye daftari lako la maabara.

Hatua ya 2: Mimina media

Kazi yote iko hapa. Media, yaani chakula cha bakteria kinachoganda kama jeli, ni Mueller-Hinton, na kina chake kwenye pleti kiwe milimita 4, kisizidi wala kupungua kwa zaidi ya nusu milimita. Dawa ikitoka kwenye diski husambaa pembeni na pia huzama chini. Media ikiwa nyembamba, dawa inakosa pa kuzama, inajaa pembeni, zoni inapanuka na bakteria sugu anaonekana anauawa. Ikiwa nene, zoni inasinyaa, na dawa inayofaa unaiandika kuwa imeshindwa. Daktari akifuata jibu hilo, anayeumia ni mgonjwa.

Pleti ya milimita 90 inahitaji mililita 25. Zipime kwa silinda safi iliyopita kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Usikadirie kwa jicho, hata ukimwona fundi sanifu mzoefu akifanya hivyo. Media ipoe kwanza hadi nyuzi 45 au 50, la sivyo mifuniko italowa mvuke.

Kisha angalia meza. Yangu ilikuwa imeinama kidogo tu, huwezi kuona. Nilibadilisha diski, nikabadilisha bakteria, nikailaumu inkubeta, kabati la joto la kukuzia bakteria. Mwishowe nilikata ukanda wa media katikati ya pleti, nikausimamisha kando ya rula: upande mmoja milimita 3, wa pili 5. Tangu siku ile naweka pimamaji ya fundi uashi juu ya meza kabla ya kumimina, na kila nikipika media natoa pleti moja naikata na kuipima. Media ni ghali, najua. Kurudia sampuli 200 ni ghali zaidi.

Hatua ya 3: Bakteria wa kudhibiti ubora

E. coli ATCC 25922, bakteria wa kawaida wa maabara ambaye majibu yake yanajulikana, atangulie. Kwa diski ya antibiotiki ya gentamisini ya mikrogramu 10, zoni iwe kati ya milimita 19 na 26. Ikitoka nje ya hapo, usiguse sampuli ya mgonjwa.

Hatua ya 4: Panda na weka diski

Tengeneza mchanganyiko wa McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu kinachoonyesha wingi wa bakteria) kwa makoloni ya usiku mmoja. Kama ipo densitometa, kifaa cha kupimia ukungu huo, usitegemee macho. Kamulia swabu kwenye ukuta wa chupa, paka pleti nzima kwa mielekeo mitatu. Dakika ni 15-15-15: mchanganyiko utumike ndani ya 15, diski ziwekwe ndani ya 15, pleti ziingie kwenye inkubeta ndani ya 15. Kwa hiyo usipande pleti 30 kwa mkupuo. Kopo la diski lililotoka kwenye friji lisifunguliwe kabla halijafikia joto la chumba, maana diski zitavuta unyevu.

Hatua ya 5: Soma

Pleti zikae kwenye nyuzi 35 kwa muda wa saa 16 hadi 20. Igeuze pleti, iweke juu ya kitambaa cheusi, usome kwa mgongo wake.

Asubuhi tuliposoma pleti mpya za mdogo wangu, gentamisini ilitoa 22. Tukaizungusha rula, tukapima tena kwa upande mwingine: 22.