SOMO: Namna ya kutunza vitu vya Cubs visiharibike

Habari wadau. Mimi Chicago Cubs, timu ya besiboli ya Marekani, ni timu yangu tangu utoto, nimekulia hapa hapa Chicago nikiipenda miaka yote ile inafungwa tu, kwahiyo inaniuma sana nikikuta mtu ana mpira wenye saini kauanika dirishani. Twende hatua kwa hatua.

1. Andika kwanza. Kila kitu kiwe na karatasi yake, mechi gani, tarehe, umekipataje. Mfano tiketi ya tarehe 8 Agosti 1988, mechi ya kwanza ya Cubs ya usiku chini ya taa kwenye uwanja wao Wrigley Field, mvua ikanyesha mechi haikuisha wala haikuhesabiwa, sasa mtoto wako asipojua hilo ataitupa tu.

2. Mpira wenye saini. Ni ngozi ile, usiushike shike, mafuta ya vidole yanaacha madoa. Uweke kwenye kiboksi cha plastiki mbali na jua, jua ndo linaua wino kuliko kitu chochote. Ukienda kusainiwa beba peni ya kawaida ya bluu, maka peni inasambaa kwenye ngozi. Na usipake vanishi jamani, wazee walifanya hivyo na mipira yote imekuwa njano. (Mpira una mishono 108, na sisi tulikaa miaka 108 bila ubingwa, 1908 hadi 2016. Mi hii kitu bado inanisisimua.)

3. Kadi zenye picha za wachezaji. Kifuko laini kwanza, halafu plastiki ngumu juu yake. Usifute, usinyooshe kona.

4. Jezi. Kama mchezaji aliivaa kwenye mechi USIFUE, lile tope ndo lenyewe.

5. Kununua. Tangu 2001 ligi ina watu wake uwanjani wanaoshuhudia kitu kikitoka mchezoni na kukibandika stika ya hologramu yenye namba, unaihakiki kwenye tovuti ya MLB, yaani ligi kuu ya besiboli. Bila hiyo kuwa makini, miaka ya 90 FBI walikamata genge zima la kughushi saini.

MASWALI

Swali: Mkuu nilidaka mpira jukwaani, naweza kupata hologramu?
Jibu: Kwa kawaida hapana, ukishaingia kwa mashabiki shahidi hawezi kuapa ni ule ule. Uweke na tiketi yako pamoja na picha za siku hiyo.

Swali: Bendera yangu ya W (ile ya ushindi wa Cubs) ina madoa ya bia, nifue?
Jibu: Ya dukani fua kwa mkono, maji baridi. Ila kama ulikuwa nayo usiku ule wa fainali ya 2016 kule Cleveland tulipochukua ubingwa, 8-7, inningi (kipindi cha mchezo) ya kumi, mvua imesimamisha mechi dakika 17 na roho iko mkononi, iache hivyo hivyo dada yangu.

Swali: Baba mkwe ana mpira wenye saini ya Ernie Banks, nyota wa zamani wa Cubs, anataka kuuza, ntapata hela ndefu?
Jibu: Banks alikuwa na roho nzuri, alisainia watu wengi mno, kwahiyo saini yake sio adimu kivile. Peleka kwanza kwa wahakiki wa saini. Lakini Banks kapiga homurani 512 (pigo la kupeleka mpira nje ya uwanja), hakucheza fainali hata moja, kafariki Januari 2015 na kombe likaja mwaka uliofuata. Mi ningemwomba baba mkwe aniuzie mimi ubaki humo humo kwenye familia.