Jinsi ya kujenga Stockfish mwenyewe na kujaribu wazo lako

Kama unajua C++ kidogo tu, usiishie kudaunlodi Stockfish (injini ya kompyuta ya kucheza chesi) iliyo tayari, msimbo wake uko wazi kwa leseni ya GPL kwa hiyo chukua ucheze nao. Nakili msimbo kwa git, ingia folda la src halafu andika make -j profile-build, hakikisha una intaneti maana inavuta na faili la mtandao wa neva unaopima nani yuko vizuri kwenye ubao (hiyo NNUE iliingia 2020). Subiri.

Ikiisha andika ./stockfish bench, mwishoni utaona idadi ya nodi, yaani hali za ubao ilizozipitia ikitafuta, iandike mahali. Hiyo namba ndo kama alama ya kidole ya injini: ukisafisha msimbo tu bila kugusa fikra zake namba inabaki ileile, ikibadilika jua umegusa namna inavyotafuta hatua, hata kama uliapa hujagusa kitu :)

Sasa badilisha kitu kimoja, kimoja tu jamani, mfano namba fulani kwenye search.cpp, jenga tena. Halafu usijidanganye kwa gemu 20, hizo hazisemi kitu, tofauti ya Elo 2 (Elo ni alama za nguvu ya mchezaji) inataka maelfu ya gemu ndo maana kuna Fishtest, mfumo wa kujaribu Stockfish, tangu 2013, watu wanajitolea kompyuta zao matoleo mawili yapigane. Gemu fupi kwanza, ukipita unaenda ndefu. Mawazo mengi yanafia hapo, hata ya wakongwe.